Shimo Kando ya Ukuta

Jumanne ya juma lililopita, kabla ya saa sita mchana, tulimpoteza nkambo, mama yake mama yangu. Alikuwa mzee kweli. Meno yalikuwa yamekwisha, macho yamefumba, na miezi ya mwisho alikuwa hataki hata uji. Aliondoka taratibu, nyumbani kwa mama, hapa mtaani Katuba, mbali na Kilwa yake, ile ya huku kwetu kando ya ziwa. Tulimzika siku ya tatu. Sikulia sana makaburini. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Lakini wachimbaji walipokuwa wanasawazisha kingo kwa koleo, harufu ya udongo mwekundu wa chini, ule wenye unyevu ambao haujaona jua, ilinipanda puani, na badala ya uchungu nikajisikia kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Niliona haya. Nikainamisha kichwa ili wafikiri ninasali. Nilikuwa nakumbuka shimo jingine, dogo, ambalo nkambo mwenyewe alilichimba kwetu nikiwa na miaka tisa hivi, na jinsi nilivyomwogopa kwa ajili ya shimo lile kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu yeyote.

Wenye umri wangu mtakumbuka tulivyokuwa tunaishi: nyumba ya vyumba viwili, lupango, yaani ua, wa udongo unaofagiwa kila asubuhi, mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, nje ya mlango, sufuria juu yake, na watoto wanazunguka humo humo. Kwetu tulikuwa watatu. Mimi wa kwanza, halafu Mado, halafu Kasongo. Mado alipoanza kutembea alikuwa anagusa kila kitu. Siku moja alivuta mkono wa sufuria ya maji ya bukari, ugali wetu. Sitasema zaidi. Alikaa siku nne. Siku ya nne fundi wa mbao alikuja na kamba, akampima kutoka kisigino hadi utosini, akafunga fundo kwenye kamba, akaondoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na hakuna aliyenifukuza. Makaburini pia walinichukua, maana hapakuwa na mtu wa kuniachia. Niliona shimo, na niliona kwamba lilikuwa fupi.

Kasongo wakati ule alikuwa bado tumboni. Alipozaliwa, mama alimpenda kwa woga. Alimbeba mwenyewe hadi alipoanza kukaa bila kushikwa, kisha ikabidi arudi sokoni kuuza mikate, kwa sababu baba alikuwa kwenye machimbo na tulimwona Jumamosi tu. Mimi nikatolewa shuleni. Nilirudi mwaka uliofuata, na mwaka ule mmoja nimeendelea kuutafuta maisha yangu yote bila kuupata. Siku ya kwanza mama alimfunga Kasongo mgongoni kwangu kwa kikwembe cha bluu, akakaza, akanigeuza nimtazame usoni.

“Asiguse chini,” akasema. “Unasikia? Hata kidogo.”

Nilisikia, na nilitii kuliko alivyotarajia. Asubuhi mpaka jioni Kasongo alikuwa mgongoni. Nilifagia naye, nilichota maji naye, nilicheza ndojo, mchezo wetu wa kuruka, naye huku kichwa chake kikigonga shingo yangu kila niliporuka. Nilipochoka nilimkalisha mapajani, au ndani ya beseni la kufulia lililojazwa nguo, nikaketi mbele yake kama mlinzi wa duka. Alikuwa ameanza ule umri ambao mtoto anataka kujua. Akiwa mgongoni alivuta misuko yangu, alichuma majani ya ua la jirani, alinyoosha mkono kwenye kila kitu kilichopita karibu na bega langu: kamba ya nguo, mpini wa mlango, sikio la mbuzi wa watu. Kuku wakipita alijisukuma kuelekea chini kama samaki anayetaka kurudi majini, akipiga miguu kwenye kiuno changu na kulia kwa hasira. Mimi nilifungua kikwembe, nikamrusha juu kidogo, nikakaza tena.

Hapa lazima niseme ukweli, maana nkambo amekwisha kuzikwa na hakuna mwingine anayeujua. Sikukaza kwa sababu ya amri ya mama peke yake. Nilikuwa napenda anililie. Nilipomwacha kwa mama jioni alininyooshea mikono, na watu wa lupango walicheka wakaniita kamama kadogo, na mimi nilijiona mtu mkubwa. Nyumbani kwetu tangu Mado aondoke hakuna aliyekuwa ananiangalia sana. Kasongo aliniangalia. Nilifikiri akijua kwenda mwenyewe ataenda.

Alipofika mwaka mmoja na miezi miwili alikuwa hajatambaa hata hatua moja. Ukimsimamisha alikunja magoti na kuning’inia kama nguo. Mama alimpeleka kwenye kituo cha afya siku ya kupima watoto, nami nikaenda kumshikia mfuko. Muuguzi alimpima uzito, akasema uzito ni mzuri, akamwangalia nyonga, magoti, nyayo, akamlaza kwenye mkeka. Kasongo akalia kana kwamba amewekwa juu ya moto. Muuguzi akamwuliza mama kama mtoto anacheza chini nyumbani. Mama akasema ndiyo. Nilimtazama mama, naye akatazama ukuta. Muuguzi akatuambia tumtandikie mkeka kila siku, tumpe vijiko na makopo, tumwekee kitu mbali kidogo ili akifuate. Mama aliitikia yote. Tulipotoka nje tu, alinifunga Kasongo mgongoni.

Baada ya hapo watu walianza kusema. Jirani mmoja alisema mtoto amerithi woga wa mamake. Mwingine alisema afadhali apelekwe kuombewa. Mimi nilisikiliza yote nikiwa na yule mtoto mgongoni, na nilianza kuogopa kitu ambacho sikumwambia mtu: kwamba nimemharibu. Kwamba miguu yake imekufa kwa sababu ya kikwembe changu, na siku moja itajulikana.

Ndipo nkambo alipokuja. Alifika juu ya lori la samaki kutoka Kilwa, siku tatu njiani, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, na mzigo wa samaki wakavu ulionukisha nyumba nzima. Nilikuwa simjui vizuri. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na mikono mikubwa. Siku mbili za kwanza hakufanya kitu ila kutuangalia, mimi na Kasongo, akiwa ameketi kwenye kiti cha chini na kutafuna kipande cha muhogo. Siku ya pili jioni alimchukua mtoto, akamgeuza, akabonyeza nyayo zake kwa kidole gumba.

“Uyu mutoto haina mugonjwa,” akamwambia mama. “Iko anabebwa tu. Angalia miguu, iko laini sawa mukate yako ya soko.”

Mama hakucheka. Waliingia ndani wakaongea kwa sauti ndogo, nami nilikuwa nje ya dirisha naosha sahani. Nilisikia nkambo anaeleza kitu kuhusu udongo. Halafu nikasikia mama anasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba afanye anavyojua, lakini yeye asiwepo, hawezi kuangalia.

Kesho yake mama alikwenda sokoni mapema kuliko kawaida. Nkambo aliniambia nimfungue Kasongo. Alimsimamisha akimshika kwapani, akachukua kijiti cha ufagio, akakiweka kando ya mguu wake kuanzia kisigino hadi kiunoni, akakivunja pale. Kisha akachukua jembe. Alikwenda kando ya ukuta wa nyumba, upande unaopigwa na jua la asubuhi, akaanza kuchimba. Alichimba polepole, akipima kwa kile kijiti, akitoa mawe kwa vidole. Udongo uliotoka ulikuwa mwekundu, wenye unyevu, na nilijua harufu yake. Shimo lilikuwa dogo na la mviringo. Aliposimama akafuta jasho, akasema anaingia ndani kuchukua nguo ya kumzungushia.

Nguo ya kumzungushia. Mado pia walimzungushia nguo.

Sikufikiri. Nilimrusha Kasongo mgongoni, nikafunga kikwembe huku nakimbia, na nilikuwa nimepita njia ya tatu kabla sijajiuliza naenda wapi. Kwa mama sikuweza kwenda. Mama alikuwa amekubali, nilimsikia kwa masikio yangu. Baba alikuwa mbali. Nilipita kwenye bomba la maji, nikapita kwa mama mmoja anayeuza makala, ambaye aliniuliza kwa utani kama ninampeleka mume wangu kazini. Nilimjibu ndiyo. Mwishoni mwa njia kulikuwa na nyumba isiyokwisha, kuta bila paa, mwenyewe alikuwa ameiacha miaka mingi, na ndani yake rundo la mchanga na majani marefu. Nikaingia humo nikaketi nyuma ya ukuta.

Tulikaa muda mrefu. Jua lilipanda. Kasongo alikuwa amelowa, mgongo wangu umelowa pia, na mabega yaliniuma mpaka nikaona nyota. Mwishowe mikono ilinishinda. Nilifungua kikwembe nikamweka juu ya mchanga. Ilikuwa mara ya kwanza kumweka chini mimi mwenyewe, na niliangalia mlangoni kama mwizi.

Alilia. Aliinua mikono. Nami sikuweza kumwinua, nilikuwa nimechoka hivyo. Akalia, akanyamaza, akaangalia vidole vyake vilivyozama. Akaukamata mchanga, ukamtoka. Akaukamata tena. Akautia mdomoni, akakunja uso kama mzee aliyeonja dawa, nami nikamfuta ulimi kwa kidole. Halafu akaona kifuniko cha ndoo, kimepata kutu, kinang’aa upande mmoja, umbali wa mkono wa mtu mzima. Aliinama kukifuata akaanguka kifudifudi. Nilidhani atalia. Badala yake alisukuma kwa tumbo, kwa viwiko, kwa paji la uso, akiguna, na miguu ile laini, miguu niliyodhani nimeiua, ikachimba mchanga nyuma yake mmoja mmoja. Alikifikia. Akakipiga kwa kiganja kikalia, naye akacheka, kicheko cha tumboni ambacho sijawahi kumsikia akicheka mgongoni mwangu.

Kicheko hicho ndicho kilichomleta nkambo. Aliingia kupitia mahali pa mlango akihema, kitambaa cha kichwa kimeteremka, kiatu kimoja mkononi. Nilimkumbatia Kasongo na kifuniko chake. Nilingoja kofi. Nkambo aliangalia mchanga, ule mstari uliochorwa na tumbo la mtoto, akaufuata kwa macho mwanzo hadi mwisho. Kisha akaketi palepale juu ya mchanga, miguu imenyooka mbele, akaomba kwanza apumue.

“Usimuzike,” nikasema.

Hakuelewa. Akaniuliza nimesema nini, nikarudia. Akauliza nani ameniambia maneno hayo.

“Ulimupima na kijiti,” nikasema. “Mado, balimupima vilevile. Na ulichimba.”

Nkambo alifunika mdomo kwa mkono wenye kiatu. Sikujua kama anacheka au analia, mpaka nilipoona machozi. Halafu akanivuta, mimi, si Kasongo, akaniweka kati ya magoti yake kama mtoto wa kunyonya, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kamba. Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu amri ya mama, na kwamba nilikuwa nakaza zaidi ya amri, na kwamba nilipenda anililie, na kwamba nimemharibu miguu. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema tu kwamba miguu iliyoharibika haichori mstari kama ule, na kwamba mgongo wangu nao unataka kupumua.

Tuliporudi lupango hakumchukua Kasongo kwanza. Alinionyesha shimo.

“Ingia weye.”

Niliingia. Lilinifika magotini tu. Nkambo akapiga magoti, akarudisha udongo kidogo kidogo kuizunguka miguu yangu, akaubonyeza kwa viganja. Nilidhani utakuwa baridi. Jua lilikuwa limeupiga asubuhi yote, na ulinikamata kwa joto, pande zote, sawasawa, kama mtu anayekushika vizuri.

“Unasikia namna gani?”

“Iko na joto.”

“Sasa toka.”

Nilivuta mguu mmoja, nikavuta wa pili, nikatoka.

“Umeona?” akasema nkambo. “Kule Mado iko, bantu habatoke. Humu mutoto anatoka kila siku. Njo kazi ya ili shimo.”

Ndipo akamfungia Kasongo kitambaa kiunoni, akamsimamisha humo, udongo ukamfika kiunoni, mikono huru nje. Hakuwa na njia ya kukunja magoti. Alituangalia sisi, akaangalia lupango kutoka mahali ambapo hajawahi kuuangalia, wima, peke yake. Nkambo akamwekea mbele yake kijiko, kopo la nyanya na ganda la hindi, kila kimoja mbali kidogo kuliko mkono wake. Mimi aliniambia niketi karibu niangalie na nisimpe kitu.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba. Alinyoosha mkono, akakosa, akanitazama, akalia kwa kunitukana. Nilikalia mikono yangu. Alijikunja kwa mbele mpaka kidole kikagusa kopo, kopo likaviringika likamjia, naye akashangaa kama vile limemwitikia.

Mama alirudi na beseni la mikate kichwani wakati Kasongo bado yumo ndani. Alikuwa ameambiwa, lakini kuambiwa si kuona. Alisimama pale pa kuingilia, na rangi ya uso wake ikanifanya nisimame mimi pia. Kasongo alimwona mama yake, akapiga kopo kwa kijiko, akampigia tena. Mama alitua beseni, akaingia ndani, akakaa huko mpaka macho yake yakawa mekundu. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye mbabula, akaibeba na makala yake, akaipeleka nyuma ya nyumba. Jumamosi baba alipokuja, kabla hajaoga, mama alimwambia atie uzio wa mbao kuizunguka mbabula, mrefu wa kumfika mtu mzima kifuani. Baba alitia. Ule uzio ungeweza kutiwa zamani, na nafikiri kila mmoja wetu aliwaza hivyo, na hakuna aliyesema.

Sijui kama ni lile shimo lililompa miguu. Leo nina watoto watatu na sikumchimbia hata mmoja. Niliwatandikia mkeka, kama muuguzi alivyosema, nikaondoa chini vitu vinavyokata na vinavyochoma, nikawaacha. Labda Kasongo angekwenda hata bila shimo, mradi tu sisi wawili, mama na mimi, tungemwachilia. Shimo lilitufundisha sisi. Kila asubuhi alisimama humo muda wa kuchemsha chai, baadaye tulimtoa tukamwacha atambae lupango mzima. Alikula udongo, alimfukuza bata, alitumbukiza mkono kwenye maji ya kufulia, alijificha chini ya kitanda akaimba huko. Nilimfuata kila mahali, mikono nyuma, kwa sababu nkambo alisema mikono ikiwa mbele itamdaka kabla hajaanguka. Alianguka mara nyingi. Jioni nilimhesabia vidole na meno, vyote vilikuwepo, na nililala usingizi mzito ambao sikuwa nimeulala tangu Mado. Lakini bado, kila alipoanguka mama akiwa nyumbani, mama alikuwa wa kwanza kufika kumwinua, na mimi wa pili.

Nkambo alikaa miezi miwili na zaidi. Wiki ya mwisho Kasongo alikuwa anasimama akishika ukuta, anazunguka nyumba kwa kiganja, lakini mahali ukuta unapoisha alisimama akangoja mtu. Asubuhi ya safari lori lilikuja mpaka kwenye njia yetu. Nkambo alituaga mmoja mmoja bila maneno mengi. Shingo yangu aliishika kwa mkono wake mkubwa, akaminya kidogo, basi. Siri yangu alikwenda nayo. Hakumwambia mama jinsi nilivyokaza, wala siku ile wala baadaye, na nimeishi miaka hii yote nikimshukuru kwa hilo.

Alipokuwa anapanda nyuma ya lori, akisukumwa na vijana, Kasongo alikuwa ameshika ukuta wa mbele. Alimwona anapanda. Ukuta ulikuwa umekwisha. Aliuachia akaenda kwenye udongo mtupu, mikono juu, hatua moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akifuata lori lililokwisha kuanza kunguruma, na katikati ya lupango akaanguka, uso chini.

Nilikuwa nimekwisha kuruka. Mkono wa mama ulinikamata kwenye kiwiko, ukanirudisha. Haukuniachia.

“Muache,” akasema.

Kasongo aliinua uso, vumbi mdomoni. Alitutafuta kwa macho, akatuona tumesimama. Akatema. Akaweka viganja chini, akainua matako juu, akakaa hivyo kidogo akifikiri, kisha akasimama, akageuka kuelekea njiani, akaendelea.